Jua la Umeme

Katika msitu wa Kimboza, upande wa mashariki wa milima ya Uluguru mkoani Morogoro, kuna mjusi mdogo asiyezidi urefu wa kidole cha mtu mzima. Wa kiume ana rangi ya samawati iliyokolea, kana kwamba ametoka kuchovywa kwenye ndoo ya rangi. Anaishi juu ya mikadi, katikati ya majani marefu yenye miiba, na nje ya Kimboza hapatikani ila katika vipande vichache vya msitu vilivyo jirani. Msitu wenyewe ni takriban hekta 400. Asubuhi hupanda kwenye jani linalopigwa na jua, na akishapata joto la kumtosha hurudi kivulini. Hakuna anayemwashia wala kumzimia.

Kati ya Desemba 2004 na Julai 2009, kundi moja tu la wakamataji lilitoa huko mijusi zaidi ya 30,000. Ili kuwafikia walio juu, mkadi mzima ulikatwa. Kuna waliokufa njiani. Waliofika Ulaya na kwingineko waliuzwa madukani, wakaingizwa kwenye masanduku ya kioo sebuleni mwa watu. Huko Januari nje kuna theluji, na mnyama ambaye mwili wake haujitengenezei joto la kutosha hana budi kuletewa jua ndani. Jua hilo ni balbu. Ni balbu hiyo hiyo inayotajwa mara kwa mara katika taarifa za zimamoto: nyumba imeungua, chanzo ni taa ya kumpashia mnyama joto, wenyewe hawakuwepo.

Historia ya taa hiyo haikuanzia kwenye umeme. Mwaka 1849 bustani ya wanyama ya London ilifungua jengo la kwanza duniani lililotengwa kwa ajili ya nyoka, mijusi na kobe. Zama hizo, kumpasha joto mnyama wa nchi za jua kulikuwa kazi ya mikono: makaa ya mawe, mabomba ya maji ya moto, na mtu wa kuchochea. Nyoka wakubwa walipewa hata mablanketi. Mmoja wao alilimeza la kwake, akakaa nalo tumboni wiki kadhaa, kisha akalitapika. Wageni walicheka, na kisa hicho kilisimuliwa kwa miaka mingi, lakini kinatuonyesha jinsi watunzaji walivyokuwa wakibahatisha. Walijua mnyama anahitaji joto. Hawakujua kiasi gani, wala limfikie kutoka upande upi.

Jengo hilo lilikuwa na hatari zake, na nyingi zilitoka kwa binadamu. Mwaka 1852 mtunzaji mmoja, Edward Girling, alifika kazini asubuhi akiwa amelewa, akamtoa fira kwenye sanduku na kumchezea. Aliumwa puani na akafa siku hiyo hiyo. Nakitaja kisa hiki kwa sababu moja. Katika karne ya 19 usalama wa jengo la namna ile, wa moto na wa sumu, ulikuwa juu ya mtu aliyekuwepo. Kama alikuwa mzima na macho, mambo yalikwenda. Vifaa vyote nitakavyovitaja huko mbele vilibuniwa ili vikae mahali pa mtu huyo.

Aliyebadilisha jambo hili kwa kweli alikuwa mwanamke mgonjwa. Joan Beauchamp Procter alizaliwa mwaka 1897. Maradhi yalimzuia kwenda chuo kikuu, lakini tangu utotoni alikuwa akifuga nyoka na mijusi, na hatimaye alichukuliwa na George Boulenger kumsaidia katika Makumbusho ya Uingereza. Na hapa Tanganyika inaingia. Arthur Loveridge, Mwingereza aliyekuwa amefika Nairobi mwaka 1914 kusimamia makumbusho, alipata katika nyanda za kati za Tanganyika kobe wa ajabu: bapa kama chapati, gamba jembamba linalobonyea ukilishika. Boulenger alimpa kobe huyo jina la Loveridge mwaka 1920. Baadaye ikatambulika kuwa Siebenrock wa Vienna alikwisha kumwandika mwaka 1903, kutokana na kobe aliyetoka karibu na Ziwa Nyanza, kwa hiyo jina la Loveridge likaanguka. Procter, akiwa binti wa miaka ishirini na kitu, aliandika mwaka 1922 uchunguzi mrefu juu ya gamba la kobe huyo.

Kobe bapa ana mengi ya kumfundisha mtu anayefikiria joto. Kobe wengine wakitishwa hujifungia ndani ya gamba, huyu hukimbia. Hupenya kwenye ufa wa mwamba, akajibana humo hata usiweze kumvuta. Maisha yake yote yako kwenye mawe, na mawe hayo hupokea jua mchana kutwa na kuliachia polepole usiku. Ndani ya ufa kuna baridi wakati wa adhuhuri na uvuguvugu baada ya magharibi. Kobe hutafuta mwenyewe digrii anazozitaka kwa kusogea hatua mbili mbele au nyuma.

Mwaka 1923 Procter alipewa usimamizi wa nyoka na mijusi katika bustani ya London, na mwaka 1927 jengo jipya lililofuata ramani zake likafunguliwa. Lilikuwa na joto la umeme, na katika kila sanduku palikuwa na sehemu ya moto zaidi na sehemu ya baridi zaidi, ili mnyama achague. Alitumia kioo maalumu kinachopitisha miale ya jua ambayo kioo cha kawaida huizuia, kwa kuwa mnyama asiyeipata miale hiyo mifupa yake hulegea. Wageni walisimama gizani, wanyama wakakaa kwenye mwanga. Alikuwa na kenge wa Komodo aliyeitwa Sumbawa, akitembea naye mbele za watu kama mtu atembeavyo na mbwa. Alifariki mwaka 1931 akiwa na miaka 34. Jengo lipo hadi leo, na sijui kama kuna mtu mwingine yeyote ambaye wazo lake limeigwa katika vyumba vingi vya kulala hivyo bila kutajwa.

Tofauti ni kwamba Procter alikuwa na mafundi umeme, na jengo lake ni la matofali.

Sayansi iliyothibitisha alichokihisi ilikuja mwaka 1944. Raymond Cowles, aliyekulia Natal, Afrika Kusini, kwa wazazi wamisionari, na mwenzake Charles Bogert, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao katika jangwa la California. Walipima joto la miili ya nyoka na mijusi wakaona kwamba “damu baridi” ni jina la kupotosha. Mjusi aliye kazini huweka mwili wake ndani ya mipaka finyu sana ya joto, kwa kuingia juani na kutoka. Akifungwa kamba juani asiweze kufika kivulini, hufa baada ya dakika chache. Cowles baadaye aliwashonea mijusi makoti madogo ya manyoya na kuonyesha kuwa koti linamchelewesha mjusi kupata joto badala ya kumsaidia, kwa kuwa joto lake linatoka nje. Mtu anayemfunika mjusi wake kwa kitambaa usiku wa baridi anamfanyia kosa lile lile la blanketi la London.

Kutokana na kazi hiyo, wafugaji walipata kanuni ambayo bado inafuatwa: joto litoke juu, liangukie upande mmoja tu, na upande wa pili ubaki na ubaridi. Ni kanuni nzuri kwa mnyama. Kwa nyumba ya mbao yenye mapazia ni jambo jingine, maana inakulazimu kutundika kitu cha moto mkali juu ya sanduku na kukiacha kikiwaka saa kumi na mbili kila siku. Hizo ni saa 4,380 kwa mwaka.

Kitu chenyewe kilikuwa tayari kipo, kimebuniwa kwa kazi nyingine. Balbu ya uzi wa tungsteni hugeuza zaidi ya asilimia 90 ya umeme wake kuwa joto; mwanga ni kama chenji inayobaki. Katika miaka ya 1930 kampuni ya Ford ilizitumia taa za namna hii kukausha rangi kwenye magari. Wafugaji wa kuku wakazichukua kulelea vifaranga, wati 250 kila moja. Vikombe vya bati vyenye kibano cha springi vilitoka kwenye karakana, ambako fundi hukibana mahali anapofanyia kazi, akimaliza anazima na kwenda nacho. Hobi ya kufuga nyoka na mijusi ilipokua baada ya vita, watu walikusanya vitu hivi kutoka kwa fundi na mfuga kuku, wakaviweka juu ya sanduku la kioo.

Kila kimoja kilipokuwa kwao kilikuwa na mtu karibu. Fundi anakiona. Mfuga kuku huamka usiku kutazama vifaranga. Mwenye mjusi huenda kazini saa mbili asubuhi akafunga mlango.

Namna moto unavyoanza si siri, na haina ajabu yoyote. Springi ya kibano huchoka. Huo ndio mwanzo wa kawaida kuliko yote. Bati likipata joto na kupoa kila siku, meno yake yanalegea kidogo kidogo, halafu paka anaruka, au mtoto anavuta waya, au hakuna anayefanya lolote na taa inateleza yenyewe. Inaanguka kifudifudi juu ya maranda ya mbao au nyasi kavu za kobe. Haizimiki. Joto ambalo lilikuwa linatawanyika hewani sasa limezibwa ndani ya kikombe cha bati, na maranda yanaanza kugeuka kahawia, kisha meusi, yakitoa moshi kwa muda mrefu kabla ya ndimi kutokea.

Njia nyingine ni holda ya plastiki. Kwa balbu ya wati 40 inavumilia. Mwenye nyumba akiona mjusi amejikunyata anaweka ya wati 150 kwenye holda ile ile. Plastiki inakauka, inapasuka, nyaya zinagusana. Au wavu wa juu wa sanduku unafunikwa taulo ili unyevu usipotee, na taa imekaa juu ya wavu huo huo. Au ekstensheni moja inabeba taa, pampu ya maji, mkeka wa joto na chaja ya simu, imesukumwa nyuma ya kabati ambako hakuna anayefagia. Vumbi nalo huungua.

Iko pia njia inayowapata walio waangalifu. Wamenunua thamostati, kifaa kinachopima joto na kuipunguza nguvu taa likizidi. Kipimo chake ni kichwa kidogo kwenye ncha ya waya, kimebandikwa ndani ya sanduku. Kobe anapita, anakivuta kwa mguu, kinatoka nje ya sanduku na kulala kwenye sakafu ya chumba. Sakafu ina nyuzi 17. Thamostati inasoma 17 na kuiamuru taa iongeze nguvu. Inaendelea kuamuru hivyo mchana kutwa, kwa uaminifu kamili, kwa sababu kila inaposoma inaona baridi.

Mnyama ndiye hufa kwanza. Kwa kawaida moshi humwahi kabla ya moto, naye hawezi kutoka.

Mwaka 1997 Marekani ilipata somo kubwa la umma juu ya balbu za moto, ingawa halikuhusu mijusi. Taa ndefu za halojeni za kusimama sakafuni zilikuwa zimeenea kwa kuwa ni rahisi na zina mwanga mwingi. Balbu yake ya wati 300 hupanda kupita nyuzi 500 za Selsiasi. Januari mwaka huo nyumba ya mwanamuziki wa jazi Lionel Hampton jijini New York iliungua baada ya taa ya aina hiyo kuanguka. Agosti, mamlaka ya usalama wa bidhaa ilitangaza marekebisho ya taa milioni 40 zilizokwisha kuuzwa, ikieleza kuwa tangu 1992 ilikuwa inafahamu moto usiopungua 100 na vifo 10. Marekebisho yenyewe yalikuwa kikinga cha waya, kijikapu tu cha kuwekwa juu ya balbu ili pazia lisiiguse. Nimeona watu wakiidharau tiba hiyo kwa urahisi wake. Lakini ndiyo hiyo hiyo ambayo wafugaji wenye uzoefu huiweka ndani ya masanduku yao, mara nyingi baada ya nyoka kujizungusha kwenye balbu na kubabuka ngozi.

Tukio ninalolifikiria zaidi lilitokea Philadelphia, usiku wa kuamkia mkesha wa Krismasi wa mwaka 1995. Katika jengo la nyani na sokwe la bustani ya wanyama, waya wa kupashia joto mabomba yasigande ulizidi moto na kuanza kuunguza vilivyouzunguka. Walinzi walisikia harufu ya moshi. Karibu na bustani kuna njia za reli, wakadhani moshi umetoka huko. Walipokuja kugundua, wanyama 23 walikuwa wamekufa, kati yao gorila 6 na orangutani 3. Miili yao haikuwa na majeraha ya moto. Moshi ulikuwa umewakuta wamelala.

Pale walinzi walikuwepo, tena macho, na pua zao zilifanya kazi. Walichokosa ni kitu cha kuwaambia moshi unatoka jengo gani. Ndiyo maana naona king'ora cha moshi, kile cha betri kinachobandikwa darini kwa bei ya vitabu viwili, ndicho kifaa cha kwanza cha mtu anayefuga mjusi chini ya taa, kabla hata ya thamostati. Kiwe katika chumba chenyewe, si koridoni.

Mengine wafugaji wameyapata kwa hasara zao. Taa ining'inizwe kwa mnyororo au waya wa chuma kutoka kwenye kitu kisichosogea, na urefu wa mnyororo uwe mfupi kiasi kwamba hata kibano kikiachia, taa itabaki hewani bila kufika kwenye maranda. Waya wa umeme usibebe uzito. Holda iwe ya kauri. Kichwa cha thamostati kifungwe kwa kibanio kinachoshikilia kweli, si kwa gundi ya karatasi. Wengine huongeza thamostati ya pili iliyowekwa nyuzi chache juu ya ile ya kwanza, inayokata umeme kabisa ya kwanza ikikwama. Kuna wanaozima kila kitu wakisafiri kwa saa chache mchana, na mnyama mzima mwenye afya hustahimili. Kinyonga wa milimani mwenye pembe tatu, anayetoka kwenye baridi ya Mlima Kenya, hata hupendelea hivyo.

Anayesoma haya akiwa Kibaha au Thika huenda hana mjusi kwenye kioo na hatakuwa naye. Lakini taa ile ya wati 250, nyekundu, anaijua. Iko kwenye bruda ya vifaranga, imening'inizwa kwa kamba ya manila iliyofungwa kwenye boriti, na chini yake ni maranda yale yale. Kamba ya manila huyeyuka. Umeme ukikatika usiku, jiko la mkaa linaingizwa bandani, na umeme ukirudi alfajiri taa inawaka tena hali jiko halijatolewa. Vifaranga 500 huungua kwa dakika chache, pamoja na mkopo uliowanunua. Waya wa chuma kiasi cha mita moja dukani kwa fundi bado ni bei ya soda.

Mwaka 2016 Tanzania ilisimamisha kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi, na mwaka huo huo mkutano wa CITES uliofanyika Johannesburg ulimweka mjusi wa Kimboza katika Kiambatisho cha Kwanza, ambako biashara ya kimataifa ya wanyama waliokamatwa porini inakatazwa. Kobe bapa alifuata mwaka 2019. Hao waliokwisha kuondoka hawakurudi. Wengine wamezaa huko, na watoto wao wamezaliwa chini ya taa. Kobe huishi miongo mingi. Aliyenunuliwa na kijana wa miaka ishirini anaweza kuwa bado anawashiwa taa kila asubuhi wakati kijana huyo ana wajukuu.

Katikati ya hayo balbu yenyewe imebadilika. Umoja wa Ulaya ulianza kuziondoa sokoni balbu za uzi mwaka 2009, zikamalizika 2012. Mhandisi mmoja Mjerumani, Siegfried Rotthäuser, alikejeli sheria hiyo mwaka 2010 kwa kuagiza balbu 4,000 za kawaida na kuziuza kama vijiko vidogo vya kupashia chumba joto, akisema mwanga wake ni kasoro isiyoepukika. Ziliisha haraka, na serikali ikamzuia. Ilikuwa dhihaka, lakini maelezo ya bidhaa yake yalikuwa sahihi kuliko ya duka lolote.

Sasa nyumba nyingi zina taa za LED, huku kwetu pia. Mtoto anaweza kuishika ikiwaka. Sisi wenye umri kidogo tulijifunza kwa vidole: globu ikiungua unasubiri ipoe, au unaifungua kwa kitambaa. Kijana wa miaka kumi na minane anayenunua leo mjusi wake wa kwanza huko Manchester au Frankfurt hajawahi kuunguzwa na balbu. Anafungua boksi, anaona kitu chenye umbo la taa, na anakifunga mahali ambapo angefunga taa.